Maswali ya Wasomaji: Rani Durgavati, Binti wa Wachandel

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Rani Durgavati, binti wa ukoo wa Chandel aliyeolewa katika nyumba ya kifalme ya Wagond huko India ya kati, akatawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, na hatimaye akafia vitani tarehe 24 Juni 1564 akipambana na jeshi la Akbar, mfalme wa dola ya Mughal. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na baadhi yake zimetoka kwa wasomaji waliolalamika kwamba makala ilimsifu shujaa bila kumweleza. Naona wana haki. Nimechagua barua ambazo maswali yake yanagusa kiini cha jambo, na nimejibu kwa urefu pale swali lilipostahili urefu.

Swali: Ndugu Mhariri, nilimsimulia binti yangu mwenye umri wa miaka 11 habari za Durgavati kama nilivyozisoma kwenu. Aliponiuliza kama mama huyo aliishi kweli au ni hadithi tu, kama zile za Abunuwasi, nilishindwa kumjibu. Tunajuaje kwamba mambo haya yalitukia?

Jibu: Mwambie binti yako bila wasiwasi wowote kwamba Durgavati aliishi, na kwamba shahidi wetu mkubwa ni mtu wa upande wa adui zake. Habari nyingi tulizo nazo juu yake zimo katika Akbarnama, historia ya utawala wa Akbar iliyoandikwa kwa Kiajemi na Abul Fazl, mwandishi wa ikulu na rafiki wa karibu wa mfalme huyo. Abul Fazl alizaliwa mwaka 1551, kwa hiyo vita vilipopiganwa alikuwa bado kijana mdogo, lakini alipokuja kuandika alikuwa na hati za serikali mkononi, na maafisa waliokumbuka matukio walikuwapo wa kuulizwa.

Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kumdunisha mwanamke aliyethubutu kuinua silaha dhidi ya bwana wake, na kwa kweli hamsamehe kila kitu, maana anguko lake analieleza kama matunda ya kiburi na kujisahau, wala halitaji kuwa tamaa ya walioivamia nchi yake. Hata hivyo anakiri waziwazi kwamba mama huyo alikuwa na ujasiri, busara na ukarimu, kwamba alikuwa hodari wa kulenga kwa upinde na kwa bunduki pia, na kwamba aliposikia simbamarara ameonekana mahali fulani, hakunywa maji mpaka amwue. Mimi hurudi mara kwa mara kwenye sentensi hiyo ya maji. Rafiki anaweza kuzidisha sifa kwa mapenzi, lakini mwandishi wa mfalme aliyeshinda hakuwa na la kupata kwa kuandika hivyo, ila kwamba habari hiyo ilikuwa imeenea kiasi cha kutoweza kuachwa.

Masimulizi ya mdomo ya wenyeji yapo pia, na ni mazuri, lakini ni vyema kuyatenga na hati. Mathalani, husimuliwa kwamba vita vilianza kwa sababu Akbar alimtaka ndovu mweupe wa malkia, aliyeitwa Sarman, pamoja na waziri wake Adhar. Ndovu Sarman na waziri Adhar wanatajwa kweli na Abul Fazl, lakini kuhusu chanzo cha vita hati zinaelekeza kwingine, kama nitakavyoeleza mbele.

Swali: Mimi nilifundishwa na wazee kwamba mwanamke haupotezi ukoo wa baba yake hata akiolewa mbali. Nimesoma kwamba leo Warajput wanamdai Durgavati kuwa wao, na Wagond nao wanamdai. Ni nani mwenye haki?

Jibu: Swali hili limenifurahisha kuliko mengine yote, kwa sababu bila habari ya koo hatuwezi kumwelewa mama huyu hata kidogo. Kwa kuzaliwa alikuwa Mchandel. Wachandel ni mojawapo ya koo za Warajput, yaani tabaka la wapiganaji na watawala wa kaskazini mwa India, zinazojinasibisha na mwezi, na hadithi ya asili yao husema kwamba ukoo ulianzia kwa mwanamke aliyeitwa Hemavati, ambaye mungu wa mwezi alimwona akioga bwawani usiku, akamzalisha Chandravarman, baba wa ukoo. Kuanzia karne ya 9 hadi ya 13 Wachandel walitawala nchi inayoitwa leo Bundelkhand. Ndio waliojenga mahekalu ya Khajuraho, mengi yao kati ya mwaka 950 na 1050, na ndio ambao chini ya mfalme wao Vidyadhara walimkabili Mahmud wa Ghazni, aliyekuwa ameshazivunja falme nyingi za kaskazini.

Lakini Durgavati alipozaliwa, mwaka 1524 kwa mujibu wa mapokeo, fahari hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kumbukumbu. Abul Fazl anamtaja baba yake kwa jina la Salbahan, mtawala wa Rath na Mahoba, ilhali mapokeo ya India humtaja Kirat Rai, bwana wa ngome ya Kalinjar. Kwa vyovyote vile, ilikuwa nyumba yenye jina kubwa na mfuko mwembamba. Wagond walikuwa na hali ya kinyume chake. Hawa ni wenyeji wa misitu na milima ya India ya kati, wenye lugha yao isiyo na udugu na Kihindi, na wenye koo zao zinazopangwa kwa hesabu ya miungu ambayo kila kundi linaiabudu, kiasi kwamba watu wa kundi moja hawaoani. Warajput waliwahesabu kuwa watu wa daraja la chini. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 16 mfalme wao Sangram Shah wa Garha alikuwa ameunganisha nchi kubwa sana, ambayo mapokeo huihesabia ngome 52.

Mwaka 1542 Durgavati aliolewa na Dalpat Shah, mwana wa Sangram Shah. Abul Fazl hafichi kitu: anasema kwamba Salbahan alikubali kwa sababu mambo yake yalikuwa yamemharibikia, na kwamba upande wa mume ulikuwa na mali bila nasaba. Wapo wanaosimulia mapenzi makubwa kati ya vijana hao wawili, nami sitaki kuwanyima furaha hiyo, lakini nadhani tunapaswa pia kuona kilichokuwa wazi kwa watu wa wakati ule, yaani ukoo wa zamani uliokuwa ukitafuta mkono wa kuushika na ukoo mpya uliokuwa ukitafuta heshima. Tusisahau kwamba miaka mitatu tu baada ya harusi, Mei 1545, Sher Shah Suri, mtawala wa Delhi, aliizingira Kalinjar na kuiteka, ingawa yeye mwenyewe alikufa kwa majeraha ya baruti iliyolipuka mbele ya kuta zake. Wachandel walikuwa na sababu ya kutafuta wakwe wenye askari.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Mwanahistoria Mwingereza Vincent Smith alitoa hoja kwamba Wachandel wenyewe huenda asili yao ilikuwa miongoni mwa Wagond au watu wa jirani yao, wakapanda daraja baada ya kupata ufalme, na ndoa hii aliitaja kama dalili mojawapo. Si wote waliokubaliana naye. Kwa upande wangu, nakubaliana na wazee wako kwamba damu ya Chandel haikumtoka kwa kuolewa. Lakini watu waliomtii walikuwa Wagond, nchi aliyoifia ilikuwa ya Wagond, na nasaba aliyoilinda ilikuwa ya mume wake. Kwa hiyo wanaomdai wote wawili wana haki, na Wagond, ambao wamezoea kuandikwa pembezoni mwa vitabu vya historia, nawaona wana haki iliyo nzito zaidi.

Swali: Makala yenu ilitaja kwa haraka kwamba alitawala akiwa mjane mwenye mtoto mdogo. Mimi ni mjane na ninajua uzito wa kuachiwa shamba tu, sembuse ufalme. Aliwezaje?

Jibu: Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza hili, kwa sababu kila anayemsimulia Durgavati hukimbilia siku yake ya mwisho na kuiruka miaka 14 iliyoitangulia. Dalpat Shah alifariki mwaka 1550 hivi, mwana wao Vir Narayan akiwa na umri wa miaka mitano. Ukubwa ni jaa, na jaa hilo liliangukia kwa mwanamke mgeni mwenye umri wa miaka 26, katika nchi ambayo kila mkuu wa ngome alikuwa na haki ya kujiuliza kwa nini amtii.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumweka mtoto kwenye kiti na yeye mwenyewe kushika hatamu akiwa nyuma yake, akisaidiwa na mawaziri wawili, Adhar wa jamii ya Kayastha na Man wa jamii ya Brahman, ambao hawakuwa Wagond na kwa hiyo hawakuwa na ukoo wa kuupendelea miongoni mwa wakuu wa nchi. Naona busara kubwa hapo. Kisha alihamisha makao makuu kutoka Singorgarh kwenda Chauragarh, ngome iliyo juu ya milima ya Satpura, ambapo kuingia kwa nguvu kulikuwa kugumu zaidi.

Kuhusu utawala wenyewe, hesabu zilizotufikia zinasema kwamba katika vijiji 23,000 vilivyolimwa, 12,000 viliangaliwa na maofisa wake mwenyewe moja kwa moja, na vilivyosalia viliachwa mikononi mwa wakuu waliomtii. Tazama mgawanyo huo kwa makini. Ni utawala uliojua mpaka wa nguvu zake: pale malkia alipoweza kufikisha karani wake alimfikisha, na pale ambapo chifu wa ukoo alikuwa na mizizi mirefu alimwacha akusanye na kuleta. Nchi ilitajirika kiasi cha kusemwa kwamba watu wake walilipa kodi kwa sarafu za dhahabu na kwa ndovu. Mabwawa nayo yalichimbwa. Mjini Jabalpur lipo bwawa linaloitwa Ranital, yaani bwawa la malkia, na karibu nalo Cherital, bwawa la mjakazi wake, na Adhartal, linalobeba jina la waziri wake. Mapokeo ya mji huyahesabu yote kuwa ya zama zake. Ni nadra kuona bwawa la mtawala, la waziri na la mtumishi wa kike yakikumbukwa pamoja katika mji mmoja.

Jeshi lake Abul Fazl analihesabu kuwa wapanda farasi 20,000 na ndovu 1,000. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa jeshi hilo alimrudisha nyuma Baz Bahadur, sultani wa Malwa, aliyemvamia akidhani ufalme wa mjane ni mawindo mepesi. Mwanahistoria Firishta anasimulia kwamba Baz Bahadur alirudi Sarangpur kwa aibu, akajitosa katika muziki na anasa.

Swali: Kama alikuwa na ngome imara mlimani na askari 20,000, kwa nini alikwenda kupigana bondeni, tena na watu wachache? Mimi nimetumikia jeshi kwa muda mrefu na jambo hili linanisumbua.

Jibu: Mzee wangu, swali lako ni la mtu ajuaye kazi yake, na nitalijibu hatua kwa hatua kama nilivyoweza kulifuatilia.

Mwaka 1561 Malwa ilianguka mikononi mwa Akbar, na kuanzia hapo Gondwana, yaani nchi ya Wagond, ikawa jirani wa dola iliyokuwa ikipanuka kila mwaka. Gavana wa Akbar huko Kara, Khwaja Abdul Majid, aliyepewa cheo cha Asaf Khan, alianza kwa kutuma wapelelezi na wafanyabiashara wazoefu waingie nchini kuchunguza njia na mapato. Mimi nakichukulia kitendo hicho kuwa jibu tosha kwa wanaouliza chanzo cha vita. Mtu hahesabu mapato ya nchi anayotaka tu kuisalimu. Mwaka 1564 aliingia na wapanda farasi 10,000.

Alikuja upesi kuliko ilivyodhaniwa. Malkia alipopata habari kwamba adui amefika Damoh, askari wake walikuwa wametawanyika, na wengi zaidi walitawanyika baada ya habari hiyo kwenda kuokoa familia zao, hata akabaki na watu 500 tu. Hapo ndipo ilipo siri ya ule mgawanyo wa vijiji niliousifu hapo juu. Jeshi linalokaa kwa machifu ni jeshi rahisi kulilisha, lakini kulikusanya ni kazi ya siku nyingi, na siku hizo Asaf Khan hakumpa. Waziri Adhar alipomweleza uchache wao, malkia alimjibu kwa ukali kwamba kutawanyika huko kulitokana na uzembe wa uongozi wao, na kwamba yeye aliyeitawala nchi miaka yote hiyo hawezi kuikimbia. Aliongeza jambo ambalo Abul Fazl ameliandika bila kulificha: kwamba kama mfalme mwenyewe angalikuja, ingalikuwa halali kwenda kumlaki, lakini gavana huyu anajua nini juu ya cheo chake.

Hata hivyo hakukimbilia bondeni kwa hasira. Alizunguka kwanza misituni akikusanya watu, kisha akachagua Narrai, mahali palipozungukwa na milima mirefu, mto Gaur ukiwa upande mmoja na mto Narmada upande wa pili, penye njia nyembamba ya kuingilia. Kufika huko alikuwa na watu 5,000 hivi. Wewe uliyetumikia jeshi utaona mara moja kwamba mahali pale pangempunguzia adui faida ya wingi wa farasi wake. Ngome ya Chauragarh ingemlinda kwa muda, lakini ingemfungia ndani bila njia ya kukusanya wengine, na Kalinjar ya kwao ilikuwa imekwisha kumfundisha hatima ya ngome inayozingirwa na mtu mwenye baruti nyingi.

Siku ya kwanza Wamughal waliiteka njia ile nyembamba, na Arjun Das Bais, kamanda wa ndovu, akauawa akiilinda. Malkia alivaa kofia ya chuma, akapanda ndovu, na akawaamuru watu wake wasiharakishe, bali wamwache adui aingie ndani kabisa, kisha wamwangukie kutoka pande zote. Mpango ulifanikiwa. Wamughal 300 waliuawa, waliobaki wakafukuzwa mpaka nje ya milima, na jioni uwanja ulikuwa wake.

Usiku ule ndio uliokata mambo, na mimi kila nikiusoma husikitika kana kwamba naweza kuubadili. Malkia aliwaita wakuu wake akawaambia kwamba lazima washambulie kambi ya adui usiku huohuo, kwa sababu kukicha Asaf Khan atakuja mwenyewe na mizinga na kuikalia njia ya kuingilia. Wakuu hawakukubali. Walikuwa wamechoka, walikuwa na maiti wa kuwazika, na waliona ushindi wa mchana umetosha. Akarudi kwake, akawafuata baadhi yao mmoja mmoja kuwasihi, na hakupata hata mmoja. Asubuhi mambo yalikuwa kama alivyosema, neno kwa neno: njia imekwisha kukaliwa, mizinga imekwisha kupangwa. Masimulizi ya wenyeji yanaongeza kwamba mto uliokuwa na maji machache nyuma yao ulifurika usiku ule, na kwa kuwa Juni ndio mwezi ambao mvua za masika huanza nchini humo, jambo hilo haliko mbali na ukweli.

Siku ya pili alimpanda Sarman. Mwanawe Vir Narayan, kijana wa miaka 19, aliwarudisha nyuma Wamughal mara tatu, na mara ya tatu akajeruhiwa. Mama aliposikia aliamuru aondolewe apelekwe mahali salama, na kwa kuwa watu wengi waliondoka pamoja naye, kando yake walibaki 300 tu. Aliendelea. Mshale ulimpata kwenye panja la kulia. Aliung'oa akautupa, ncha yake ikabaki ndani. Mshale wa pili ulimpata shingoni, nao akaung'oa, kisha akazirai kwa maumivu.

Swali: Inasemekana alijiua mwenyewe. Je, si kinyume cha ushujaa?

Jibu: Alipozinduka aliona vita vimeshindwa. Alimtaka Adhar, aliyekuwa mbele yake juu ya ndovu, amwue kabla hajatekwa. Adhar hakuweza, akamwomba akubali kutoroshwa kwa ndovu mwenye mbio. Malkia akamkatalia, akachukua jambia lake mwenyewe. Sitalitukuza tendo hilo wala sitalihukumu. Alikuwa na majeraha mawili mabaya, na alijua vyema kutekwa kulivyokuwa kwa wanawake wa kifalme wa zama zile. Ushujaa wake ulikuwa umekwisha kuthibitika kabla ya jambia kutolewa.

Ninachopenda wasomaji wakijue zaidi ni yaliyofuata. Miezi miwili baadaye Asaf Khan aliifikia Chauragarh. Vir Narayan alipigana tena na akauawa, na wanawake wa ngome wakaingizwa motoni kwa desturi ya jauhar, yaani kuchomwa ili wasitekwe na adui. Waliteuliwa watu wa kuhakikisha kwamba hakuna atakayesalia. Mahali pa moto palipofunguliwa baada ya siku nne, wanawake wawili walikutwa hai nyuma ya gogo kubwa: Kamlavati, dada yake Durgavati, na binti aliyekuwa amechumbiwa na Vir Narayan. Wote wawili walipelekwa kwa Akbar. Hazina ilikuwa kubwa mno, ikiwamo mitungi 101 ya sarafu za dhahabu na ndovu 1,000. Asaf Khan alipeleka kwa bwana wake ndovu 200 tu na kuficha vilivyosalia, na mwaka uliofuata, makarani wa hazina walipoanza kumwuliza, akatoroka.

Swali: Mimi ni mwalimu wa somo la historia. Je, Durgavati alikuwa peke yake, au walikuwapo mabinti wengine wa kifalme wa India ya zama za kati walioshika silaha?

Jibu: Mwalimu, walikuwapo, na wawili nawapendekeza kwa wanafunzi wako kwa sababu tofauti. Wa kwanza ni Rudrama Devi wa nasaba ya Kakatiya, aliyetawala Warangal kuanzia mwaka 1262 hivi hadi 1289. Baba yake, Ganapatideva, hakuwa na mwana wa kiume, akamtawaza binti yake kwa jina la kiume, Rudradeva Maharaja, na ndivyo maandishi mengi ya mawe yanavyomwita. Jiwe lililopatikana Chandupatla, la Novemba 1289, linaandika sadaka ya ardhi kwa ajili ya Rudrama na jemadari wake Mallikarjuna, waliokwisha kufariki, na wanahistoria wengi wanaona kwamba walikufa pamoja vitani wakipigana na chifu mwasi Ambadeva. Wakati huo alikuwa mama aliyepita umri wa makamo. Huyu mfundishe pamoja na mawe yake.

Wa pili ni Tarabai wa ukoo wa Solanki, ambaye habari zake ziliandikwa na James Tod katika karne ya 19 kutokana na masimulizi ya Warajput. Baba yake, Rao Surtan, alinyang'anywa mji wa Toda na Mwafghani. Binti akajifunza farasi na upinde, akatangaza kwamba ataolewa na atakayeukomboa mji huo tu. Prithviraj, mwana wa mfalme wa Mewar, aliikubali sharti hiyo. Walikwenda pamoja na watu wachache, wakamwua mtawala wa Toda katikati ya maandamano ya Muharram, na walipotaka kutoka wakamkuta ndovu ameziba lango, Tarabai akamkata mkonga kwa upanga wake, njia ikafunguka. Huyu mfundishe kama simulizi, na uwaambie wanafunzi hivyo, kwa sababu umbali kati ya tukio na kalamu ni zaidi ya miaka 300. Ni mfano mzuri wa kuwaonyesha jinsi ukoo unavyotunza kumbukumbu ya binti yake.

Swali: Kuna chochote kilichobaki cha kumkumbuka? Natarajia kusafiri kwenda India mwaka ujao.

Jibu: Ukifika Jabalpur, jimbo la Madhya Pradesh, jina lake utalikuta hata bila kuuliza. Chuo kikuu cha mji huo kilipewa jina lake mwaka 1983, na jumba la makumbusho linalo pia. Serikali ya India ilitoa stempu ya posta yenye sura yake tarehe 24 Juni 1988, na meli mojawapo ya walinzi wa pwani inaitwa Rani Durgavati. Kila mwaka tarehe 24 Juni watu hukusanyika kuadhimisha kifo chake. Panda pia mlimani hadi Madan Mahal, jengo dogo la mawe la watawala wa Gond lililokaa juu ya jabali moja kubwa, ambalo hupendeza kupigwa picha jioni.

Lakini ukiwa na nusu siku ya ziada, fuata barabara iendayo Mandla mpaka karibu na Barela, palipo na ukumbusho wake mahali alipoangukia. Ofisa Mwingereza William Sleeman, aliyefanya kazi eneo hilo katika karne ya 19, aliandika kwamba kaburi lilikuwa katika njia nyembamba kati ya vilima viwili, na kwamba kando yake yalikuwapo mawe mawili makubwa ya mviringo ambayo wenyeji walisema ni ngoma za malkia zilizogeuka mawe, na kwamba usiku wa manane zilisikika zikilia msituni kuwaita askari wake. Aliandika pia kwamba eneo hilo lina mawe madogo ya kung'aa kama vioo, na kwamba kila msafiri aliyepita aliinama, akachagua lililo zuri kuliko yote aliyoyaona njiani, akaliweka juu ya kaburi.